Suluhu ya Migomba

Harufu ya mgomba uliokatwa asubuhi haifanani na harufu nyingine yoyote ya shamba. Ni harufu ya maji mabichi yenye uchachu kidogo, na ikikauka mwilini hugeuka ikawa kama ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Watu wengi wakisikia Mwaka Kogwa hufikiria watalii, pilau na ngoma. Mimi hufikiria harufu hiyo, na nikiisikia mahali popote, hata kwa jirani anayekata mgomba ulioegemea ukuta wake, huacha nilichokuwa nikikifanya. Kwa asiyejua, Makunduchi, kusini ya kisiwa chetu cha Unguja, mwaka mpya wa zamani husherehekewa katikati ya kipupwe. Watu huoga pwani alfajiri, kisha wanaume wa pande mbili za mji hukutana katika uwanja wa Kae Kuu wakachapana kwa mabua ya migomba. Mwenye kinyongo na mwenzake humtafuta hapo hapo uwanjani, wakapigana mpaka basi, na wakishamaliza hakuna ruhusa ya kukiendeleza. Wanawake, wamevaa nguo zao mpya, huzunguka wakiimba na kuwapa watu vidonge vyao kwa mafumbo. Mwisho huchomwa kibanda cha makuti, watu wakatazama moshi unaelekea wapi, kisha kila mtu huenda kula. Mwaka ninaousimulia mimi nilikuwa darasa la tatu, na aliyekuwa akitafutwa uwanjani alikuwa baba yangu.

Sisi tulikaa Kikwajuni, ghorofa ya pili. Baba alikuwa muuza nyama sokoni Darajani. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ilinuka chumvi na damu hata baada ya kuoga, na kwa mikono hiyo hiyo alikuwa akiniletea figo iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti kwa sababu alijua naipenda. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani namwelezea jitu. Baba yangu alikuwa mcheshi, alikuwa akiniita "mwanamwari" nikiwa bado nimeng'oka meno ya mbele, na akicheka alicheka mpaka Bi Nasra wa ghorofa ya chini akauliza kuna nini. Mama, Kazija, alikuwa mtu wa Makunduchi, mfupi, mweusi wa kung'ara, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Yeye hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Wakigombana, na waligombana sana, nyumba nzima ilijua, na Bi Nasra alikuwa akiongeza sauti ya redio yake, sijui kwa heshima au kwa sababu alitaka kusikia taarabu yake kwa raha.

Ugomvi wao mkubwa ulihusu Mwaka. Baba alikuwa ameanza kuhudhuria darsa baada ya sala ya alasiri, akawa mtu wa msimamo. Alisema Mwaka Kogwa ni mambo ya kale yasiyokuwa na asili katika dini, na kuchoma kibanda na kutazama moshi ni ushirikina mtupu. Mama alisema yeye anasali sala tano kama baba, anafunga kama baba, na Mwaka ni kwao, na mtu haambiwi aache kwao. Kila upande ulikuwa na la kusema, na mpaka leo nikikaa na watu wa Makunduchi na watu wa darsa naona wote wana hoja. Sitaki kumsingizia mtu. Ustadhi wa baba hakumfundisha kupiga. Kupiga alikujua mwenyewe.

Siku ya ugomvi ule mama alikuwa ameshaleta madera mawili kutoka kwa fundi, la kwake na la kwangu, kitambaa kimoja cha rangi ya zambarau, nguo zetu za Mwaka. Yalikuwa yametundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Baba aliporudi alasiri aliyaona, akayatazama. Akaingia jikoni. Juu ya mlango wa jikoni mama alikuwa ameweka kichupa cha majivu. Bibi, mama yake mama, alikuwa akimpa kila mwaka majivu ya kile kibanda kilichochomwa, naye mama akiyaweka nyumbani ili kuzuia mabaya. Baba alikuwa akikijua kichupa kile siku zote na alikuwa akijifanya hamnazo. Siku hiyo alikishusha, akakipiga chini.

"Nyumbani kwangu hamuabudiwi moshi," akasema.

"Na hicho kilichokuudhi ni majivu au ni mie?" mama akamuuliza. "Maana majivu hayana mdomo."

"Huendi Makunduchi mwaka huu, Kazija. Nshasema."

"Ntakwenda."

Baba akarudi mlangoni, akatoa kisu chake cha kazi kwenye kikapu, akayapasua madera yote mawili kutoka shingoni mpaka chini. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na daftari langu la hesabu. Kitambaa kilitoa sauti ndefu. Mama alikuwa anachemsha chai. Akaipua sufuria jikoni na kummwagia baba kifuani. Baba alipiga ukelele, akakitupa kisu, na nashukuru mpaka leo kwamba alikitupa, kisha akamrukia mama. Alimpiga kibao cha kwanza, mama akagonga kabati la vyombo, glasi zikamwagika. Alipotaka kusimama akampiga cha pili, halafu ngumi, halafu akavua mkanda. Sikukimbia, wala sikulia. Nilikuwa nimekaa pale pale, kalamu mkononi, nikatazama mkanda ukipanda na kushuka, na niliona meno ya mama yamekuwa mekundu, na yeye bado anasema, bado anasema, kila baada ya pigo anasema neno, na kila neno linaleta pigo jingine. Moyoni nilikuwa nikimwomba anyamaze. Nilimwomba mama anyamaze, sikumwomba baba aache. Hilo nimelifikiria sana nikiwa mtu mzima. Chini, redio ya Bi Nasra ilizimwa. Kisha tukasikia hatua zake ngazini, akagonga mlango kwa kiganja akiita, "Seif! Seif! Muogope Mungu!" na baba akasimama kama mtu aliyeamshwa, akatazama mkanda, akatoka nje bila viatu.

Kesho yake asubuhi tukapanda gari la shamba. Mama alijitanda mtandio mpaka machoni. Kwetu mwanamke akiondoka hivyo husemwa kuwa amesusa, na kila mtu anajua kinachofuata: mume atatuma watu, watu watakaa, watazungumza, mke atarudi. Bibi alitupokea uani kwake Makunduchi. Alimfunua mama uso, akamtazama kwa muda, akaenda kuchota maji ya moto. Mjomba Pandu, kaka yake mama, aliingia jioni kutoka kwenye kazi yake ya uashi, akauona ule uso, akatoka tena bila kukaa. Alikwenda kupasua mawe peke yake mpaka magharibi, tukisikia nyundo yake.

Basi wakaanza kuja wazee. Walikuja kutoka mjini wakiwa na kanzu safi na kofia, wakakaribishwa barazani, wakanywa kahawa na haluwa, wakakaa na wazee wa huku. Mama alikaa ndani nyuma ya pazia, kama ilivyo ada, nami nimekaa miguuni pake nikichambua mchele. Nikasikia lugha ambayo mpaka wakati ule sikujua kuwa ipo. Walizungumza juu ya kasoro ndogo ndogo. Walizungumza juu ya kutofahamiana, juu ya hasira za ujana, juu ya shetani ambaye hapendi kuona nyumba imetulia. Mzee mmoja alisema, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba yaliyotokea yametokea. Mama akaniinamia sikioni.

"Umesikia wamesema nani kanipiga?"

"Hapana, mama."

"Basi bado hawajaanza."

Wakaondoka bila jibu, wakarudi tena siku nyingine, wakasema yale yale. Mama kila mara alituma neno kupitia kwa bibi kwamba hajawa tayari. Mwisho baba akachoka, akatuma salamu nzito. Mwaka Kogwa ukipita na Kazija hajarudi, ataandika talaka, na Rukia atamchukua ampeleke kwa bibi yake mzaa baba. Rukia ndiye mimi. Hapo ndipo nilipojua kuwa kumbe nami ni miongoni mwa vitu vinavyozungumzwa barazani. Nilikuwa nimeanza skuli ya Makunduchi, nimepata rafiki, lakini si hilo lililoniogopesha. Niliogopa kulala katika nyumba ambayo mama hayumo, na niliogopa zaidi mama akirudi kwa ajili yangu. Yote mawili niliyaogopa kwa pamoja, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mjomba Pandu aliwajibu wale wajumbe kwa ufupi. "Mwambieni shemeji yangu, kama anamtaka mkewe, aje Mwaka. Tukutane Kae Kuu. Tukishamaliza pale, mie sina neno naye tena." Wazee wote wakaona kuwa hilo ni jambo la maana. Hata wale wa mjini waliitikia kwa vichwa wakaridhia. Mimi nilidhani baba hatakuja. Mtu aliyepasua nguo zetu kwa sababu ya Mwaka ataingiaje mwenyewe uwanjani? Lakini alikuja.

Uwanja ulikuwa umejaa. Upande mmoja walisimama watalii na kamera zao, upande mwingine watoto wamepanda juu ya kuta za mawe. Wanaume waliokuja kupigana walikuwa wamejivika kila kilichopatikana, makoti mazito juu ya makoti, kofia za pikipiki, wengine wamevaa magauni ya wake zao kwa mzaha, na kila mmoja ameshika bua la mgomba. Vumbi lilipanda. Mabua yalikuwa yakipiga migongo kwa kishindo kizito cha maji, na watu wengi walikuwa wakicheka huku wanapigana, kwa sababu wengi wao hawakuwa na ugomvi wowote wa kweli. Halafu nikamwona baba amesimama pembeni, amevaa shati jembamba la kijivu na suruali yake ya kazini, mikono mitupu. Mtu mmoja akampa kofia ya pikipiki, akaikataa. Mjomba Pandu alipomwona hivyo, naye akaivua kofia yake, akavua na koti, akavitupa chini. Akachukua mabua mawili, moja akamrushia baba miguuni.

Sijaona watu wakipigana namna ile tena. Hawakucheka. Mjomba alianza, bua likampiga baba shingoni, likapasuka, maji yakamrukia usoni, na kabla hajafumbua macho likampiga tena mbavuni. Baba akarudisha. Yeye alikuwa na nguvu za mtu anayepasua mifupa kila siku, na pigo lake la kwanza lilimpeleka Mjomba magoti chini. Watu wakaanza kuwaachia nafasi. Bua likikatika walipokea jingine kwa yeyote aliyekuwa karibu, bila kutazama. Mjomba alikuwa akipiga na kusema, "Dada yangu! Dada yangu!" na kila akisema hivyo baba alikuwa akishusha mikono kidogo, kisha akaikumbuka na kuipandisha. Pua ya baba ilipasuka. Jicho la Mjomba likavimba mbele yangu, nikaliona linavyofumba. Mabua yalipokwisha wakashikana kwa mikono, na hapo hakukuwa na Mwaka tena, walikuwa wawili wanataka kuuana. Mjomba alimng'ata baba bega. Baba alikuwa amemkaba shingo na uso wa Mjomba umeanza kubadilika rangi. Kundi la wanawake lilikuwa limewafikia, linaimba, na mmoja wao alitunga papo hapo kwamba muuza nyama wa Darajani leo ameletwa machinjioni, na wenzake wakaipokea kwa makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa juu ya ukuta nikipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Nilitaka Mjomba ampige baba mpaka alie. Nilitaka baba ashinde. Nilikuwa nikiyataka yote mawili kwa roho yangu yote, na nilijiona mbaya kwa yote mawili.

Wazee wenye fimbo waliingia wakawatenganisha. Walisimama wakihema, damu na maji ya mgomba vimewachirizika, nguo zimekuwa matambara. Kisha Mjomba akaunyoosha mkono. Baba akaushika. Wakakumbatiana pale pale, na Mjomba akaanza kulia kwa sauti kubwa, na baba naye akalia, na watu wazima walifuta macho. Hata mtalii mmoja alifuta macho, na sidhani kama alijua analia nini. Kibanda kilichomwa, moshi ukapanda, baba akaupa mgongo asiutazame, kisha wakaondoka wameshikana mabega kwenda kwa bibi kula.

Uani kulikuwa kumetandikwa majamvi. Kulikuwa na wali wa nazi, kuku, maharagwe na ndizi, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwishakaa. Nyuso zote zilikuwa na furaha. Mjomba alimlisha baba tonge kwa mkono wake, na baba alimlisha Mjomba. Mzee mmoja akasoma dua fupi, akasema Alhamdulillahi, jambo limekwisha, mwaka umeoshwa, hakuna tena mwenye deni na mwenzake. Baba akafuta mikono, akatazama kwenye mlango wa nyumba na kuita kwa upole kabisa.

"Kazija. Kusanya vitu vyako, mke wangu. Twende nyumbani."

Mama akatoka. Alikuwa amevaa kanga za bibi, kwa kuwa nguo yake ya Mwaka haikuwapo, na nyuma yake alikuwa akiburura bua la mgomba, refu, zima, ambalo halijapigwa popote. Sijui alilitoa uwanjani au shambani. Wanawake hawashiki mabua siku ya Mwaka. Wanawake huimba. Alipita katikati ya majamvi akikwepa sahani, akasimama mbele ya baba.

"Umepigana na kaka yangu," akasema. "Na mie bado hujapigana."

"Kazija!" mzee mmoja akasema. "Jambo limekwisha."

"Lenu limekwisha. Mumetafutana, mumepigana, mumeliliana, mumelishana. Mie nilikuwa ndani napika wali wenu."

Kisha akalinyanyua lile bua kwa mikono miwili na kumpiga baba usoni. Baba hakutegemea. Lilimpata kwenye ile pua iliyopasuka, damu ikaanza upya, ikamwagika juu ya wali. Akampiga tena begani, pale pale palipong'atwa. Akampiga la tatu, na hapo baba akasimama ghafla, akakunja ngumi, akainyanyua juu.

Watu wote waliiona ile ngumi, wazee wa mjini waliiona na wa shamba pia, Mjomba Pandu akaiona kwa jicho lake moja lililobaki wazi. Ilikuwa imepanda yenyewe, kwa njia inayoijua, na ilikuwa imefika juu ya uso wa mama. Mama hakuurudisha uso nyuma. Baba naye akaiona. Aliitazama ngumi yake mwenyewe, na uso wake ukabadilika namna ambayo siwezi kuielezea vizuri, nikisema aliona haya naona haitoshi. Mkono ukashuka. Mjomba alikuwa ameshasimama, lakini bibi alimshika suruali.

"Muacheni," bibi akasema. "Huu mwaka ni wake."

Mama alilitupa bua, akasema, "Hawa wazee wamekuja wakaondoka, wamekuja wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyelisema. Liseme wewe."

"Niseme nini?"

"Ulilolifanya. Kwa jina lake. Wasikie."

Baba alimtazama yule mzee wa dua, kama anayetaka kuokolewa. Mzee akashughulika na kofia yake. Ikabidi baba aseme. Kwanza alisema aligombana na mkewe, mama akamwambia hapana. Akasema alipandwa na hasira, mama akamwambia hapana, hasira nazo alikuwa nazo yeye pia. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Nilimpiga Kazija. Nilimpiga kwa mkono, na ngumi, na mkanda. Alikuwa chini nami nikaendelea." Kisha akaongeza mwenyewe bila kuulizwa, "Kama Bi Nasra asingegonga mlango sijui ningefika wapi." Mama akaketi chini kwenye jamvi. "Nami nilikumwagia chai ya moto," akasema. "Nalo lisemwe." Baba akafungua kifungo cha shati, wakaona lile kovu jekundu kifuani. Nadhani wazee wale walikuwa wanatamani ardhi ipasuke waingie.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na yalikwenda mpaka alasiri, mbele ya watu wote, chakula kikapoa. Hayakuwa matamu. Waliinuka mara mbili tatu, wakatukanana, wakakaa tena. Mama alisema kila Mwaka atakuja kwao, yeye na mwanawe, na hataomba ruhusa. Baba alisema yeye Kae Kuu hatakanyaga tena, asilazimishwe, na majivu hayaingii nyumbani mwake hata chembe. Kwa hilo la majivu mama alimtazama bibi, kwa sababu ni bibi aliyekuwa akimpa. Bibi akainua mabega tu. "Haya," mama akasema, "majivu nayaacha." Mimi nilijua imemuuma, maana aliamini kabisa kuwa yale majivu ndiyo yaliyokuwa yakimlinda. Baba akasema siku ya Mwaka atakuja na nyama, atakula na wakwe zake, lakini atakuja baada ya moshi. Wakakubaliana. Kisha mama akasema la mwisho, hili halikuwa la kujadiliwa. Mkono ukimwinukia tena, hatasusa, na wasitume wazee. Atakwenda kwa kadhi mwenyewe, na Rukia atakuwa naye.

Hatukuondoka siku hiyo. Baba alirudi mjini peke yake, uso umemvimba, amebeba sahani ya wali iliyofunikwa kitambaa. Mama alirudi Kikwajuni wakati alipotaka yeye, mvua za vuli zilipoanza. Baba hakumpiga tena. Naandika hivyo kwa uhakika kwa sababu nilikuwa nikisikiliza. Waligombana miaka na miaka, kwa sauti, juu ya kila kitu, juu ya jina la mdogo wangu, juu ya televisheni, na Bi Nasra aliendelea kuongeza redio mpaka alipofariki. Kila Mwaka baba alifika Makunduchi na kikapu cha nyama moshi ukishatawanyika, na Mjomba Pandu alikuwa akimtania kwamba pua yake, iliyopona ikiwa nene, imefika kabla yake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Vijana wanapelekwa semina kabla ya kuoa, ofisi zina madawati ya kupokea wanawake waliopigwa, na watu hutumiana sauti kwenye simu pale sisi tulipotumiana wazee. Ni bora hivi, mara mia. Lakini watu wa familia yetu huipenda hadithi yetu ya zamani. Huisimulia kwenye harusi kama kichekesho, mama na bua lake, baba na damu yake juu ya wali, na wenyewe wawili hukaa pamoja wakisahihishana. Wamezeeka vizuri. Wamesameheana kweli, si kwa kujilazimisha, na mimi ninayewajua naweza kuapa. Kilichonichukua miaka kukifahamu ni kwamba mama alikuwa na haki alipowaambia wanaume kuwa wamemaliza lao bila yeye, na kwamba baadaye wao wawili nao walilimaliza lao bila mimi. Hakuna aliyekuwa na ubaya katika hilo. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nimepewa kuku na ndizi.

Mfungo uliopita nilikwenda kufuturu kwao na binti yangu, ambaye sasa ana umri niliokuwa nao mimi mwaka ule. Tulikuwa tumekaa chini, mama anamimina uji, baba akanyoosha mkono juu ghafla kuzima feni iliyokuwa ikipeperusha kitambaa cha chakula. Mama aliendelea kumimina, hata kope haikumpepesa. Mimi nilikuwa nimeshamvuta binti yangu nyuma ya mgongo wangu. Sikujua nimefanya hivyo mpaka alipolalamika kwamba namuumiza mkono. Baba aliona. Akaushusha mkono wake taratibu, akauweka juu ya paja, akauweka na wa pili. Tukafuturu, tukasali. Mama na mtoto walipokwenda jikoni, baba alibaki kwenye mkeka wa sala, hakunigeukia.

"Rukia."

"Naam, baba."

"Nilimpiga mama yako," akasema. "Na wewe ulikuwepo."

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Nilikuwepo."